Njia ya Kushukia na Njia ya Kupandia

Upepo ulipogeuka ukaanza kupanda kutoka bondeni, kijiji chetu chote kilinuka mkonge. Ni harufu ya majani yaliyokamuliwa na makapi yaliyoachwa juani mpaka yakachacha, harufu kali inayokaa kooni, na mgeni akiisikia mara ya kwanza huuliza ni nini kimeoza. Sisi hatukuiona mbaya. Baba alikuwa dereva wa trekta katika shamba la mkonge kule chini, upande wa Mwatate, na kila jioni harufu ile iliingia nyumbani kabla hajavua viatu. Nyumba yetu ilikuwa juu mlimani, mahali ambapo asubuhi unawaona watu wa bondeni tayari wamo juani na wewe bado umo ndani ya ukungu. Shule nayo ilikuwa huko chini, kwenye kipande cha tambarare kabla mlima haujaisha, na mabati yake mekundu yalionekana kutoka jikoni kwetu. Mama akiwa anakoroga uji aliweza kutuambia kama tumechelewa, kwa kuangalia tu jinsi watoto walivyokuwa wakikimbia uwanjani.

Kila nyumba ya kule ilikuwa na njia mbili. Njia ya kushukia ilinyooka. Ilipita kwenye mawe, katikati ya mikaratusi, ikavuka kijito, ikapita nyuma ya nyumba ya kina Mwakio, na ukiwa na miguu mizuri ilikufikisha shuleni kabla jasho halijakutoka. Njia ya kupandia ilizunguka. Ilikuwa ndefu na ya upole, ikifuata barabara ya magari kwa muda kisha ikiachana nayo, kwa sababu mtu anayepanda huwa amebeba kitu: kuni, unga kutoka Mwatate, mtoto mgongoni. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyepanda kwa njia ya kushukia, na hakuna aliyeshuka kwa njia ya kupandia isipokuwa bibi harusi na jeneza. Ndivyo tulivyolelewa. Ungemwuliza mtoto wa kwetu ni mbali kiasi gani kutoka kwao hadi shuleni, naye angekuuliza kwanza kama unataka kwenda au kurudi. Nayasema haya mapema kwa sababu nusura yaniharibie maisha.

Mwaka huo nilikuwa darasa la saba, na hesabu ilikuwa imenishinda. Nasema hesabu, lakini kwa kweli ilikuwa aina moja tu, ile ya mwendo, muda na umbali, na hasa ya mtu anayekwenda mahali kisha akarudi. Nyingine nilizimudu. Muhula wa tatu ulipofunguliwa, mwalimu mkuu, mtu mrefu aliyependa kusimama na mikono yake mgongoni, alitutaja mstarini sisi wachache tulioanguka hesabu katika muhula uliotangulia. Alisema hataki kupeleka mizigo darasa la nane ikamshushie wastani wa shule. Siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi, kila mmoja wetu angesimamishwa ubaoni na kupewa swali moja katika jambo lile lile lililomwangusha. Atakayepata ataendelea, na atakayekosa atarudia darasa la saba. Binamu yangu Mwakio alikuwa mmoja wetu, yeye kwa ajili ya sehemu na desimali, na alinikonyeza mstarini kama mtu aliyealikwa karamu.

Huenda kwa wengine kurudia darasa kulikuwa aibu ya wiki moja. Nyumbani kwetu kulikuwa mlango wa kutokea. Baba alisema, bila kupandisha sauti, kwamba hatalipa karo ya darasa moja mara mbili. Nikianguka nitakwenda Voi kwa shangazi, ambaye alikuwa na hoteli ndogo karibu na stesheni ya treni, nikamsaidie kuosha vyombo. Baba hakuwa mkatili. Aliwaamini walimu mno, na mwalimu akisema mtoto hana kichwa, kwake hiyo ilikuwa habari sawa na daktari kusema mtu ana malaria. Mama mwenyewe alirudishwa darasa la saba akiwa msichana, akarudia, akarudishwa tena, na mara ya tatu hakwenda. Nilijua hivyo kwa sababu shangazi alilisimulia kila Krismasi kwa mzaha, na kila Krismasi Mama alicheka kidogo kwa adabu kisha akaondoka kwenda kuangalia sufuria ambayo haikuhitaji kuangaliwa. Vyombo vya shangazi sikuviogopa. Nilichoogopa ni kukaa pamoja na Mama kwenye kile kicheko chake, sisi wawili, kila Krismasi hadi uzee.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Madam Nduku, mwanamke kijana, Mkamba wa Voi, ambaye babu yake alikuja huko zamani kwa kazi ya reli. Alikuwa amehamia kwetu muhula huo, amepanga chumba Mwatate, na alikuwa hajawahi kupanda juu kupita uwanja wa shule. Alifundisha vizuri, kwa sauti ya chini iliyotufanya tunyamaze ili tumsikie. Siku alipoturudisha kwenye hesabu za kwenda na kurudi alichora ubaoni mstari mmoja mnyoofu, herufi huku na herufi kule, mshale wa kwenda juu ya mstari na mshale wa kurudi chini yake. Swali lilikuwa kwa Kiingereza kama vitabu vyote vya hesabu, lakini maana yake ilikuwa hii. Mtu alitembea kutoka nyumbani hadi sokoni kwa mwendo wa kilomita sita kwa saa, akarudi kwa kilomita nne kwa saa, na safari yote ikamchukua saa moja na dakika arobaini. Kutoka nyumbani hadi sokoni ni umbali gani? Mwakio aliinua mkono.

“Madam, huyu mtu amerudi na njia gani?”

Hakuna aliyecheka, maana sote tulitaka kujua. Madam Nduku ndiye aliyedhani ni utundu, akamwambia asimame hivyo hivyo mpaka kipindi kiishe. Kisha akatuachia swali tulifanye. Alipokusanya kazi zetu alikuta jambo ambalo, alivyokuja kunisimulia baadaye, lilimfanya afikirie kuomba uhamisho. Karibu darasa zima lilikuwa limeandika majibu mawili: umbali wa kwenda na umbali wa kurudi. Tuliugawa ule muda katikati, dakika hamsini za kwenda na hamsini za kurudi, tukapata kwamba kwenda ni kilomita tano na kurudi ni kilomita tatu na kitu. Hakuna aliyeona ajabu. Kama kuna kilichotushangaza ni kwamba njia ya kurudi ilitoka fupi, nasi tukajiambia kwamba huyo bwana lazima alikuwa na mkato wake. Madam aliamini tumenakiliana. Alitupa swali lingine, akapata majibu mawili mawili. Akatupa la tatu, vivyo hivyo. Wiki ya pili aliacha kuuliza na akaanza kututazama kwa huruma, na huruma ya mwalimu ni mbaya kuliko fimbo. Mimi nilikuwa naiona siku ya kufunga shule ikisogea, na kila jioni nikifika nyumbani nilipita nje ya jikoni haraka ili Mama asiniulize.

Jumamosi moja Madam Nduku aliamua kuja kuzungumza na Mama. Alifika kijijini peke yake, akamwuliza mtu huko chini nyumba yetu ni ipi, naye akamwonyesha kwa kidole mabati yetu kule juu, akamwambia anyooshe tu. Mwalimu akanyoosha. Sisi tulikuwa tukimenya muhogo wa kimanga, ule wa kupondwa pamoja na maharagwe, tukaona kichwa kinatokea kati ya mawe, kisha mkoba, kisha mwalimu mzima ameshika viatu mkononi, sketi imejaa mbegu za magugu, na pumzi haipo. Mama alisimama akaangusha kisu. Kabla hata ya kumkaribisha, na Mama ni mtu wa kukaribisha, alisema kwa uchungu wa kweli, “Mwalimu, ni nani huyo amekupandisha na njia ya kushukia?”

Madam Nduku aliketi kwenye kigoda, akanywa maji, akanywa tena. Kisha nikaona uso wake unabadilika polepole, na nilidhani anaumwa. Aliuliza kama kweli kuna njia nyingine. Mama akamwonyesha ile inayozunguka, na akamweleza, kama unavyomweleza mtoto, kwamba hii ni ya kwenda na ile ni ya kurudi, na kwamba hata kwa kina Mwakio ni hivyo hivyo, na kwa kila mtu. Mwalimu alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, akalia machozi, na Mama, ambaye hakuelewa kinachochekesha, alicheka naye kwa sababu mgeni hawezi kuachwa acheke peke yake. Hawakuzungumza sana juu yangu siku ile. Alikula kimanga, akasema hajawahi kula kitu kizito kiasi kile, na akashuka kwa njia ya kushukia akiwa amevaa kandambili za Mama.

Jumatatu alifuta mstari wake ubaoni akauchora upya, mnene zaidi. Akaugonga kwa chaki. “Huyu mtu si wa huku,” alisema. “Huyu ni wa Voi. Voi ni tambarare na njia ni moja. Anakwenda na hiyo, anarudi na hiyo hiyo.” Darasa zima lilishusha pumzi. Nakumbuka sauti ya pumzi ile, na Mwakio akisema kwa kunung'unika kwamba si angesema tangu mwanzo. Kuanzia siku hiyo watu wote wa hesabu zetu walikuwa watu wa Voi, hata waliopanda ndege. Nusu ya darasa ilianza kupata maswali siku ile ile. Mimi sikupata. Niliijua sasa njia kuwa ni moja, lakini nilikwenda nikaangukia shimo la pili: nilijumlisha sita na nne, nikagawanya kwa mbili, nikasema mtu huyo alitembea kilomita tano kwa saa safari nzima. Madam alinieleza kwamba alitembea polepole kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo ile nne ina uzito zaidi kuliko ile sita. Alinionyesha njia ya kitabu, yenye herufi ya kitu kisichojulikana na sehemu zake. Niliinakili vizuri, na nikiwa peke yangu haikuwa na maana yoyote. Nililia nyuma ya darasa, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kwa sababu nilijua sikuwa mjinga na sikuwa na namna ya kuthibitisha.

Bustani yetu ya kabeji na nyanya ilikuwa mteremkoni chini ya nyumba, matuta yamepangana kama ngazi, na chini kabisa ulipita mfereji wa maji. Kazi yangu ya jioni ilikuwa kumwagilia. Hapo, na hapo tu katika kijiji kizima, kwenda na kurudi kulikuwa kwa njia moja, kijia chembamba kando ya matuta, kwa sababu Mama angenichuna ngozi ningekanyaga miche yake. Nilishuka na ndoo tupu na kupanda na ndoo imejaa kichwani. Ili kazi isinichoshe nilikuwa nahesabu kwa kuimba moyoni. Kila tuta lilinipa hesabu mbili wakati wa kushuka na hesabu tatu wakati wa kupanda na maji. Nilifanya hivyo miezi mingi bila kufikiri. Jioni moja, nikiwa namwagilia tuta la tano kutoka mfereji, niliimba mpaka ishirini na tano nikafika, na nikagundua kwamba nilijua itakuwa ishirini na tano kabla sijaanza kutembea. Tuta la nne lilikuwa ishirini. La sita lingekuwa thelathini. Kila tuta lilikula tano, mbili za kwenda na tatu za kurudi, na hazikuachana. Kama ungenifunga macho ukaniambia tu kwamba nimemaliza ishirini na tano, ningekwambia ni tuta la ngapi.

Niliitua ndoo vibaya ikamwagika yote kwenye nyanya. Nilipanda mbio hadi jikoni nikachukua mkaa, nikaandika ukutani. Kilomita sita kwa saa: kilomita moja inakula dakika kumi. Kilomita nne kwa saa: kilomita moja inakula dakika kumi na tano. Kwa hiyo kila kilomita ya njia ile, kwenda na kurudi, inakula dakika ishirini na tano. Saa moja na dakika arobaini ni dakika mia moja. Ndani ya mia kuna ishirini na tano ngapi? Nne. Kilomita nne. Jibu la nyuma ya kitabu lilikuwa nne. Nilipiga kelele hata Mama akaja mbio akidhani nimeungua. Aliangalia ukuta wake uliochafuliwa, akaniangalia mimi, akauliza nani amemwagilia kabeji. Nilikuwa na furaha ambayo mpaka leo sijapata nyingine inayoishinda, nami nimeolewa na nimezaa.

Kesho yake nilimweleza Madam Nduku. Alinipa maswali mengine matatu moja baada ya jingine, ya baiskeli, ya mtumbwi, ya basi. Niliyala yote. Aliniambia njia yangu ni halali na nisiiache, ila nijue kwamba wasahihishaji wamezoea ya kitabu, kwa hiyo nijifunze na hiyo. Nilijaribu, sikuipenda. Nilikuwa nimeshakuwa na kiburi.

Siku ya kufunga shule wazazi walikaa kwenye mabenchi yaliyotolewa darasani, kina mama upande mmoja na leso zao za kanisani, wanaume upande mwingine wakiegemea ukuta. Ubao ulitolewa nje ukasimamishwa kwenye kiti. Baba alikuja moja kwa moja kutoka kazini na viatu vya kazi. Mama alikaa benchi la mbele, mikono imeshikana mapajani, na hakunitazama. Mwakio aliitwa kwanza. Alipewa hesabu ya sehemu, akaipigania kwa ujasiri, akakosa, akawapungia wazazi mkono na kwenda kukaa. Kisha nikaitwa mimi. Mwalimu mkuu alisoma swali langu kwa Kiingereza, halafu akalirudia kwa Kiswahili ili wazazi nao wafuate, au labda ili waone vizuri tutakavyoshindwa. Lori liliondoka Voi kwenda Taveta kwa mwendo wa kilomita sitini kwa saa, likarudi kwa njia hiyo hiyo kwa mwendo wa kilomita arobaini kwa saa. Safari yote, kwenda na kurudi, ilichukua saa nne na nusu. Kutoka Voi hadi Taveta ni umbali gani? Yale maneno ya njia hiyo hiyo najua ni Madam Nduku aliyemwomba ayaongeze.

Kichwa changu kilikuwa bustanini. Sitini kwa saa, kila kilomita inakula dakika moja. Arobaini kwa saa, inakula dakika moja na nusu. Kwenda na kurudi, dakika mbili na nusu kwa kilomita, yaani dakika tano kwa kila kilomita mbili. Nilitabasamu kuiona ile tano. Saa nne na nusu ni dakika mia mbili na sabini. Tano ndani yake ni hamsini na nne, na kila moja ina kilomita mbili. Niliandika mstari mmoja tu, dakika tano kwa kilomita mbili, kisha mia moja na nane, nikaweka chaki. Mwalimu mkuu alitazama karatasi yake, akautazama ubao, akarudi kwenye karatasi. Kisha akasema jibu ndilo, lakini njia haipo, na jibu bila njia ni kubahatisha. Alisema mstari ule wangu haumo kwenye kitabu chochote. Nilisikia benchi la kina mama likinong'ona, na nikahisi machozi yanakuja, na nikayakataza.

Madam Nduku alitoka kwenye mstari wa walimu bila kuitwa. Aliomba ruhusa kwa heshima zote, akachukua chaki, akaandika njia ya kitabu pembeni ya yangu, polepole, akiisoma kwa sauti ili wazazi wasikie. Muda wa kwenda, muda wa kurudi, vijumlishwe viwe saa nne na nusu. Akaondoa zile sehemu kwa kuzidisha kila kitu kwa mia moja na ishirini, na kilichobaki ubaoni kilikuwa mbili za kwenda, tatu za kurudi, jumla tano. Aligawanya mia tano na arobaini kwa tano akapata mia moja na nane. Akaizungushia ile tano yake duara, kisha akaizungushia yangu duara. “Mwalimu mkuu, hii tano ya kitabu na ile ya Saru ni moja,” alisema. “Yeye ameifikia bila kitabu.”

Mwalimu mkuu aliniambia sawa, nikae chini. Sikukaa. Sijui nilipata wapi moyo ule. Nilikuwa mtoto wa kuinamisha kichwa mbele ya wakubwa. Nilimwuliza, “Nimepita, mwalimu?” Alijaribu kusema kwamba matokeo yatatangazwa. Nilibaki nimesimama. Baba alikuwa ameacha kuegemea ukuta. “Umepita,” alisema. Kigelegele cha kwanza kilitoka benchi la mbele, na mwenye hicho kigelegele alikuwa Mama, ambaye hata kanisani huwa anaimba kwa midomo tu.

Wakati wa kurudi nyumbani Baba alitangulia na wanaume wenzake kwa njia ya kupandia, akisimulia swali lile kama yeye ndiye aliyelitunga. Mama alinishika mkono, akaniingiza kwenye njia ya kushukia, akaanza kuipanda. Nilidhani amechanganyikiwa na furaha. Katikati ya mlima, mahali pa mawe makubwa, alitandaza leso yake, akaketi, akavuta pumzi. Aliangalia chini, mabati mekundu ya shule. Kisha akaokota kijiti akanipa. “Nionyeshe,” alisema.

Nilimchorea mchangani. Nilianza na lori, nikaona halimwingii, nikaanza tena na matuta ya kabeji, ambayo aliyajua kuliko mimi. Alisema mbili, alisema tatu, alisema tano. Akakichukua kijiti mkononi mwangu akafanya ile ya kilomita sita na nne peke yake, akinong'ona, akifuta kwa kiganja, akirudia. Jua lilikuwa linatuingia machoni. Alipopata nne aliipigia mstari, akaniambia kwamba hiyo ndiyo waliyompa siku waliyomrudisha darasa, hesabu ya kwenda na kurudi, na kwamba miaka yote alidhani ni yeye aliyekuwa na kasoro. Nilimkumbatia, jambo ambalo kwetu halikuwa desturi, na tukapanda njia iliyobaki tukicheka bila sababu.

Siku hizi lami imefika karibu na mlango wetu na bodaboda zinapanda na kushuka kwa barabara moja. Njia ya kushukia imeota magugu, na mtoto wa leo ukimwuliza umbali anakupa namba moja tu bila kukuuliza unakwenda au unarudi. Hakuna tena anayesimamishwa mbele ya wazazi wake kuonyeshwa kama ana kichwa au hana, na mimi siitamani hata kidogo desturi ile. Hasira yangu kwa mwalimu mkuu haijaisha na sina haraka nayo. Mwakio alirudia darasa, akamaliza, na leo ana duka la vifaa vya ujenzi Mwatate, ambako hupima nondo kwa desimali bila kukosea. Mimi nafanya kazi Voi, napanga safari za gari linalopeleka chanjo kwenye zahanati za mbali, Rukanga na kwingineko, na chanjo ina saa zake: lazima nijue gari litafika lini na litarudi lini. Kompyuta hunipa jibu. Nami kabla sijaitazama huwa nimeshapata langu, kilomita kwa kilomita.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani na binti yangu, aliye gredi ya saba. Alikuwa na kazi ya shule, mtu na baiskeli, kwenda kilomita kumi na mbili kwa saa, kurudi kilomita sita kwa saa, jumla saa mbili. Alilipiga swali picha kwa simu, na jibu likaja pamoja na hatua zake zote, kilomita nane. Alikuwa tayari ananakili. Mama, ambaye sasa ana mvi na miwani anayoivaa kwa tabu, alimwambia asubiri. Alimwomba amsomee swali kwa Kiswahili. Akaweka kidole mezani na kuanza, dakika tano za kwenda, dakika kumi za kurudi, akasogeza kidole kilomita baada ya kilomita hadi saa mbili zikaisha, na mjukuu wake akawa ameacha kuandika ili amtazame.

“Nane,” Mama alisema. Aliinama akaiangalia simu pale mezani, akaisukuma taratibu kuelekea kwa mjukuu wake. “Imepata. Iambie imepita.”